Shemeji Akidai Hati: Hatua za Mjane Kulinda Haki Yake

Kesi nyingi za wajane hupotelea kwenye kikao cha kumaliza msiba, kabla hakimu yeyote hajaziona. Wageni wameshakula, wazee wa ukoo wamekaa chini ya mti, mjane yuko ndani na wanawake wenzake. Mtu anatumwa kumwita aje aweke dole gumba. Karatasi yenyewe ni muhtasari wa kikao, na hajasomewa. Wiki chache baadaye shemeji anatembea na barua ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi, na ndipo mjane anapoanza kuulizia wakili.

Maelezo haya ni ya mjane, mtoto wa marehemu, au jirani anayetaka kuwasaidia, hapa Ibadakuli na kwingine Usukumani, kuanzia mitaa ya Manispaa ya Shinyanga hadi machimbo ya Kahama na Geita. Kwa kata kama Ibadakuli, yenye uwanja wa ndege na kituo cha kupozea umeme, suala hili lina uzito wake: shamba ambalo jana lilikuwa la mtama, likishapimwa viwanja, hata ndugu wa mbali hukumbuka kwamba lilikuwa la ukoo. Shauri letu ni moja: usingoje sheria za mila zibadilishwe. Wahi mahakamani wewe mwenyewe, na kabla hujazungumza habari ya kurithi, tenga kwanza kilicho chako.

Kwa nini usingoje

Wako wajane wawili wa Kisukuma walioijaribu njia ndefu. Baada ya waume zao kufariki, ndugu wa waume waliwaondoa kwenye nyumba, wao na watoto wao. Kwa msaada wa Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, walifungua shauri Mahakama Kuu mwaka 2005 kupinga Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, lile linalojulikana mahakamani kama GN 436. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mjane hana fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kiume wa kwanza hupata sehemu kubwa kuliko wenzake, na mabinti hukaa daraja la mwisho.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufaa yao kwa kasoro ya nyaraka. Wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imevunja haki zao, wafidiwe na sheria zirekebishwe. Kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho ni miaka kumi. Watoto waliofukuzwa nyumbani hawaachi kukua kungoja uamuzi.

Kesi hiyo inafundisha mambo mawili. Kwanza, kuambiwa na mahakama kwamba unabaguliwa hakukurudishii nyumba. Pili, karatasi yenye kasoro inaweza kuangusha haki iliyo wazi. Kwa hiyo hatua zinazofuata zimejengwa juu ya vifungu vya sheria vilivyopo tayari, na juu ya karatasi.

1. Kusanya nyaraka kabla watu hawajatawanyika

Siku za msiba nyumba inaingiwa na kila mtu. Mpe mtu mmoja unayemwamini, dada yako au binti mkubwa, kazi ya kuweka pamoja na kupiga picha kwa simu vitu hivi: kitambulisho cha taifa cha marehemu, hati au makubaliano ya mauziano ya kila shamba na kiwanja, kadi za benki na za mfuko wa hifadhi ya jamii, laini ya simu, kadi ya pikipiki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa kama kipo. Picha zitumwe kwenye simu ya mtu asiyeishi hapo. Nakala halisi zikae kwa mtu mwingine, si kwa yule anayetaka kuwa msimamizi.

Huna cheti cha ndoa? Usikate tamaa. Ndoa ya kimila haibatiliki kwa kukosa kusajiliwa. Mashahidi wa mahari wapo. Na kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Majirani, mwenyekiti wa mtaa na daftari la kliniki la watoto ni ushahidi wa maana hapa.

2. Chukua cheti cha kifo wewe mwenyewe

Bila cheti cha kifo hakuna mirathi. Mtu akifia hospitalini utapewa taarifa ya kifo. Akifia nyumbani, taarifa hupitia kwa mtendaji. Zipeleke kwenye ofisi ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, iliyo kwenye Ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Ukichelewa bado kitaandikishwa, ila kwa maelezo na gharama zaidi.

Wengi humwachia shemeji kazi hii kwa kuwa mjane yuko kwenye huzuni. Matokeo yake anayeshika cheti ndiye anayefika mahakamani kwanza. Ukishindwa kwenda, mtume mtoto wako mtu mzima, na uombe nakala zilizothibitishwa.

3. Tenga kilicho chako

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kanuni za mila zinahusu mali ya marehemu. Mali yako si mali ya marehemu, na kifungu cha 56 cha Sheria ya Ndoa kinampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Chukua daftari, lipige safu nne:

*Yangu mwenyewe:* shamba ulilopewa na wazazi wako, mashine ya kushonea, mtaji wa genge, akiba yako ya kikundi, mifugo uliyonunua.

*Tuliyochuma pamoja:* nyumba, majaruba, ng'ombe walioongezeka mkiwa pamoja.

*Yake peke yake:* aliyokuwa nayo kabla ya ndoa, au aliyopewa yeye binafsi.

*Ya ukoo:* shamba lililotoka kwa babu na ambalo hamkulinunua.

Kila mstari uwe na ushahidi pembeni. Kwa mfano:

"Nyumba ya vyumba vitatu, ya bati, mtaa wa ___: tuliijenga mwaka ___. Bati nilinunua mimi kwa fedha za mpunga, risiti ipo. Fundi ni ___, yupo."

"Majaruba mawili bondeni: yalinunuliwa mwaka ___ kwa ___. Makubaliano yapo, mimi nimeandikwa shahidi."

Angalia huo mstari wa mwisho. Kwenye makubaliano mengi ya mashamba huku kwetu mume huandikwa mnunuzi na mke huandikwa shahidi wake. Wengi huona hilo ni dalili kwamba shamba si lao. Lione kinyume chake: ni uthibitisho kwamba ulikuwapo siku fedha zilipotoka.

Sheria ya Ndoa ina mtego mmoja. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa hudhaniwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa ya wote kwa usawa. Yaani mzigo wa kuthibitisha mchango uko kwako. Na mchango si fedha tupu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kesi ile ilihusu talaka, lakini hoja yake inafaa kupelekwa mbele ya hakimu wa mirathi: kupika, kulima, kuchunga na kulea kulimpa marehemu nafasi ya kununua. Itaje kwa jina. Mahakimu wanaijua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mjane hana budi kulianza daftari hilo wiki ya kwanza.

4. Jiulize: mirathi hii inafuata sheria gani?

Tanzania Bara ina njia tatu za kugawa mali ya asiyeacha wosia, na tofauti yake ni kubwa. Tuseme baada ya kulipa madeni imebaki mali ya shilingi milioni 24, na marehemu ameacha mjane mmoja na watoto.

Kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, inayotumika kwa Wakristo wengi na wengine wasiofuata mila, mjane hupata theluthi moja: milioni 8. Kwa sheria ya Kiislamu hupata thumuni: milioni 3. Kwa kanuni za mila za 1963 hupata sifuri.

Kinachoamua ni mwenendo wa maisha ya marehemu, si kabila lake. Kuzaliwa Msukuma pekee hakutoshi. Mahakama huangalia aliishije, alioa kwa taratibu gani, alisali wapi, alizikwaje, na kama aliwahi kuonyesha nia kuhusu mali yake. Kwa hiyo tafuta cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa ya kanisani au msikitini, barua ya padri, mchungaji au shehe, na watu wawili watatu wanaoweza kueleza maisha yake.

Hapa pia ndipo mbinu ya baadhi ya mashemeji ilipo. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Inayofuata sheria ya 1865 huanzia mahakama ya wilaya au ya juu zaidi, kwa kutegemea thamani ya mali. Marehemu aliyekuwa mzee wa kanisa anaweza kufunguliwa mirathi mahakama ya mwanzo kwa kuwa huko hoja ya mila inaingia kirahisi. Ukiona hivyo, inuka siku ya kwanza useme: "Mheshimiwa, marehemu hakuishi kwa mila. Naomba mahakama iangalie kwanza kama ina mamlaka." Omba kauli yako iandikwe kwenye mwenendo wa shauri.

Kwa ardhi kuna silaha ya ziada. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatamka kwamba mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Na kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi. Kama shamba liko kijijini, kwa mfano Shinyanga Vijijini au Kishapu, kifungu hicho ukishike mkononi.

5. Kaa kwenye kikao, na soma muhtasari

Kikao cha familia kina faida: hutaja warithi na kupendekeza msimamizi. Lakini hakina uwezo wa kumpa mtu usimamizi, wala kugawa mali. Anayeteua ni mahakama. Mjane asiyeridhika anaweza kuomba usimamizi hata kama kikao kilimpendekeza mtu mwingine, kwa kueleza sababu.

Dai kuwapo kikaoni. Nenda na mtu wa upande wako, na umwombe mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa dini ahudhurie. Muhtasari mzuri huwa mfupi:

"Leo tarehe ___ familia ya marehemu ___ imekaa nyumbani kwake, mtaa wa ___, kata ya Ibadakuli. Waliohudhuria: (jina, uhusiano na marehemu, sahihi). Warithi: mke ___, watoto ___ (wote, na umri wao). Kikao kinampendekeza ___ aombe usimamizi wa mirathi. Kikao hakijagawa mali yoyote."

Sentensi hiyo ya mwisho isikosekane. Inamzuia mtu kuja kudai baadaye kwamba "mlishakubaliana". Majina ya watoto yawe yote, wakiwamo wa nje ya ndoa na wa mke mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake, na kumficha mtoto kutakuharibia wewe jina mbele ya hakimu. Palipo na wake wawili, mkubaliane mapema: ugomvi wenu ndio shemeji anaouombea.

Usiweke dole gumba wala sahihi kwenye karatasi ambayo hujasomewa na mtu wako. Nafasi tupu zipigwe mstari. Kila ukurasa upigwe picha kabla haujaondoka hapo.

Na kama kikao kikigeuka kuwa cha kukutafutia mume kati ya ndugu za marehemu, jibu ni kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa: hata mila iseme nini, mjane yu huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye.

6. Wahi kufungua mirathi

Nenda mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu. Hata kama alifia machimboni Geita, kama makazi yake yalikuwa Ibadakuli, mirathi ni ya Shinyanga. Chukua cheti cha kifo, muhtasari kama upo, orodha ya warithi, daftari lako la mali, na kitambulisho. Katika mahakama ya mwanzo ombi huandikwa kwenye Fomu Namba I. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lisome mwenyewe, ujue tarehe ya kusikilizwa, na uhakikishe jina la marehemu limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha kifo. Hitilafu ya jina moja huwarudisha watu mwanzo.

Ukiteuliwa, kumbuka kwamba msimamizi si mrithi wa kila kitu. Kazi yako ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kutoa hesabu. Ndani ya miezi minne unatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Namba V, kisha hesabu ya ulivyogawa kwenye Fomu Namba VI. Wajane wengi huteuliwa, wakaona kazi imekwisha, na miaka miwili baadaye shemeji anaomba waondolewe kwa kutoleta hesabu. Usimpe mlango huo.

7. Kama shemeji amekutangulia

Kuna mambo matatu ya kufanya, kwa kutegemea amefika wapi.

Kama tangazo bado liko ubaoni, peleka pingamizi la maandishi kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Taja sababu: amewaficha warithi, ana deni na marehemu, ameshaanza kuuza mali. Unaweza kuomba uteuliwe pamoja naye, au mahakama imteue mtu huru anayeaminika, sheria inairuhusu.

Kama ameshateuliwa, omba uteuzi utenguliwe. Kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinaruhusu mrithi au mdai kufanya hivyo pale uteuzi ulipopatikana kwa udanganyifu, utaratibu ulipokuwa na kasoro kubwa, au msimamizi anapofanya kinyume na masilahi ya warithi. Miezi minne imepita bila orodha ya mali? Anza na hilo.

Kama hukumu imetoka na hukuridhika, rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni ndani ya siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu, iliyoko hapa hapa Shinyanga, pia ni siku 30. Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo inaposomwa, kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi. Ukichelewa kwa sababu ya nakala, barua hiyo ndiyo itakayokutetea.

Usipoteze muda kwingine. Tangu mwaka 2021 baraza la kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui. Sungusungu na dagashida, mkutano wa jadi wa Kisukuma, zina kazi yake katika ulinzi wa jamii, lakini hazina mamlaka ya kugawa mirathi wala kumwamuru mjane ahame.

8. Mjue anayekusaidia

*Msaidizi wa kisheria* amesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Atakueleza sheria, atakuelekeza taratibu, atakukutanisha na wakili. Hatozi fedha, na hasimami mahakamani kukuwakilisha. Shinyanga kuna kituo cha wasaidizi wa kisheria, PACESHI. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya Manispaa nayo itakuelekeza kwa waliosajiliwa. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, ikifika mkoani, nenda na daftari lako, si na maneno matupu.

*Wakili* ana leseni anayoihuisha kila mwaka. Muulize jina lake kamili na ulihakiki kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama kabla ya kutoa shilingi. Zamani mawakili hawakuruhusiwa mahakama za mwanzo. Tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa pale shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Na kama huna wakili, unaweza kuomba mahakama ya mwanzo imruhusu ndugu au mtu wa kaya yako akusemee.

*Kishoka* ni yule anayekusubiri nje ya lango la mahakama na bahasha ya kaki. Hana leseni, hana ofisi, hakupi risiti. Humwandikia mjane asubuhi na shemeji mchana.

Una haki ya kuchagua mtu utakayeweza kumweleza mambo ya ndani. Kwa mjane anayeona haya kusimulia kilichotokea chumbani au kwenye ugomvi wa ndugu, kukaa mbele ya mwanasheria mwanamke hubadilisha mengi, na leo wanapatikana kuliko zamani. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilisajiliwa mwaka 1990, na hutetea haki za wanawake kama yeye. Jaji Eusebia Munuo aliingia Mahakama ya Rufani mwaka 2002, wakati ambapo mwanamke kwenye benchi lile lilikuwa jambo geni. Omba mwanasheria mwanamke bila kusita.

Lugha nayo isikutishe. Mahakama ya mwanzo imekuwa ikitumia Kiswahili siku zote, na marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya kuwa lugha ya mahakama zote. Bibi asiyejua ila Kisukuma na aombe mkalimani kabla hajaanza kutoa ushahidi. Akijibu nusunusu kwa Kiswahili cha kubahatisha, hicho ndicho kitakachoandikwa.

9. Vikianza vitisho

Kufukuzwa kwa nguvu, kung'olewa bati, kuchukuliwa ng'ombe usiku: hayo ni ya polisi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, andikisha maelezo, uchukue namba ya taarifa. Namba hiyo itaje kwenye maombi yako ya mirathi.

Jambo moja lazima lisemwe wazi kwa kuwa limeua watu Usukumani. Pakiwa na shamba la kugombania, mwanamke mzee huanza kuitwa mchawi. Macho mekundu ya moshi wa miaka jikoni hugeuzwa ushahidi. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi. Neno hilo likitamkwa mara ya kwanza tu, hata kwa mzaha, liripoti polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo, na mama huyo asilale peke yake.

10. Marehemu alipokuwa mchimbaji

Mali ya mchimbaji mdogo haina ukuta wala uzio. Hisa yake kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, iko kwenye daftari la msimamizi wa duara, au kwenye vichwa vya wenzake. Nenda mapema, ukiwa na mtu wa kukusindikiza, uulize mambo manne: leseni ni ya nani, marehemu alikuwa na mgawo gani, mifuko yake ya mawe iko kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) lipi, na nani anamdai. Omba wenzake waandike na kusaini. Miamala ya fedha kwenye simu yake huonyesha malipo ya duara, usiitupe laini.

Kama alikuwa mwajiriwa wa mgodi au wa kampuni inayouhudumia, kuna mafao ya wategemezi kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, na fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kama kifo kilitokana na kazi. Fedha hizi zinawalenga wategemezi wa marehemu. Usikubali kuambiwa kwamba lazima zipitie kwa baba mdogo. Mwajiri analazimika kutoa taarifa ya ajali. Muulize kwa maandishi kama ameitoa.

Kwa walio hai

Hatua hizi zote ni za kuzima moto. Mume na mke mnaosoma pamoja jioni hii mnaweza kupunguza kazi kubwa. Kiwanja kinachofuata kiandikwe majina mawili. Ndoa ya kimila isajiliwe. Mume aandike wosia wenye mashahidi, auhifadhi RITA au kwa wakili, na wosia huo utaje kwa maneno yake mwenyewe kwamba hataki mali yake igawiwe kwa mila. Mume akisema yeye ni wa kanisa au wa msikiti, na vyeti viwepo. Na makubaliano ya shamba yakiandikwa tena, mke asiandikwe shahidi. Aandikwe mnunuzi.